Damu yako ni negativu na una mimba: mambo ya kufanya kabla ya kufika leba

Mimi ni mtu wa maabara huku kwetu Kusini mwa Tanzania na maswali ninayoulizwa dirishani ni yaleyale. Mama katoka kliniki, kwenye kadi kaandikiwa O negativu au A negativu, nesi kamwambia "wewe utahitaji sindano" alafu foleni ikaendelea, basi anakuja kwangu anauliza sindano gani, anachomwa yeye au mtoto, inauzwa wapi, na je ni kweli damu yake na ya mume wake haziendani kwa hiyo waachane? Waachane kwa lipi jamani. Watu wanazaa watoto wao wote wazima wakiwa hivyohivyo, ila wanapanga mapema. Huku kwetu tatizo kubwa ni umbali, sindano ina muda wake wa saa 72 tangu ujifungue na barabara nazo zina mambo yake, kwa hiyo ukisubiri ujifungue ndio uanze kuitafuta umeshachelewa hata kama bado una siku mbili mkononi.

Nadharia kidogo tu alafu tuendelee. Mbali na grupu A, B, AB au O damu ina kitu kingine kinaitwa Rh, ukiwa nacho wewe ni pozitivu, usipokuwa nacho ni negativu. Huku kwetu waliokosa ni wachache sana, ndio maana wengine wanadhani ni ugonjwa. Sio ugonjwa. Shida inakuja mama negativu akibeba mtoto pozitivu (amerithi kwa baba), damu kidogo ya mtoto ikiingia kwa mama, hasa wakati wa kujifungua, mwili wa mama unaiona ngeni na unatengeneza kingamwili za kuivunja. Huyo mtoto wa kwanza kwa kawaida anakuwa ameshatoka salama. Anayeumia ni anayefuata, zile kingamwili zinapita kwenye kondo zinavunja chembe nyekundu zake, anaishiwa damu humohumo tumboni au anazaliwa na manjano makali. Sindano aliyokuambia nesi inaitwa anti-D, inaziondoa chembe za mtoto kabla mwili wako haujazikariri. Ukishazikariri basi, sindano haifuti.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA HUJAANZA

- Kadi ya kliniki, ile RCH 4, iwe imejazwa grupu NA Rh. Nimeona kadi imeandikwa "O" peke yake, hiyo bado haijajazwa.
- Grupu la damu la baba mtoto, lililopimwa, sio la kukumbuka kutoka jeshini au shuleni.
- Orodha ya mimba zako zote, pamoja na zilizotoka, zilizosafishwa, iliyotunga nje ya kizazi, na aliyezaliwa mfu. Andika hata ile ambayo mama mkwe haijui, na hiyo muone daktari faragha.
- Namba za simu: wodi ya wazazi utakapojifungulia, famasi ya hospitali hiyo, na famasi binafsi angalau mbili.
- Hela ya sindano, pembeni. Bei inapanda na kushuka na inatofautiana duka kwa duka, piga simu uliza. Kama nyumbani mnategemea korosho na unajifungua mwezi wa 4 au wa 5, itoe kwenye malipo ya mnada mapema, mpaka masika yakifika ile hela imeshakuwa bati na harusi ya shemeji.
- Watu wawili watatu wenye damu negativu kama yako, wa kukuchangia damu ikihitajika. Anza na ndugu zako wa tumbo moja, ndio wenye uwezekano mkubwa.

HATUA KWA HATUA

1. Pima grupu mapema, kwenye hudhurio la kwanza kabisa. Ukiambiwa negativu omba lirudiwe kwa sampuli nyingine, siku nyingine ikiwezekana. Sisi maabara tunaweka matone ya damu kwenye kigae tunachanganya na dawa tatu za kupimia tunaangalia ipi imegandisha, ni kazi ya dakika chache lakini dawa ikiwa imeisha muda, au chupa mbili zikichanganywa majina siku ya foleni, majibu yanageuka. Kadi mbili za mama mmoja zenye majibu tofauti nimeziona sana. Yakipishana usichague linalokufurahisha, pima mara ya tatu kwenye hospitali ya mkoa.

2. Baba naye apime. Akiwa negativu na yeye, mtoto wenu atakuwa negativu na hakuna cha kugombana. Akiwa pozitivu, mtoto anaweza kuwa pozitivu au negativu, kwa hiyo mnajipanga kama vile ni pozitivu. Nesi akiamua kukupa sindano hata kama mzee kapimwa negativu usikasirike wala usimpeleke mtu kwenye kikao cha ukoo, ni tahadhari tu, na grupu la baba lenyewe linaweza kuwa limekosewa kusomwa.

3. Pima Coombs. Hii ndio watu wanairuka. Ni kipimo cha kuangalia kama tayari una hizo kingamwili, kinaitwa Coombs isiyo ya moja kwa moja, damu inatoka kwako wewe mama. Zahanati haina, vituo vingi vya afya pia hawana. Uliza hospitali ya Ligula kama upo Mtwara mjini, Sokoine kama upo Lindi, au ile hospitali ya rufaa ya kanda pale Mtwara. Walio upande wa Masasi na Nachingwea wengi wanakimbilia Ndanda au Nyangao, piga simu kwanza uulize kama wanakifanya wenyewe au wanatuma sampuli. Ikitoka hasi, furaha, endelea hatua ya 4. Ikitoka chanya, ruka nenda kule chini kwenye matatizo, maana njia yako ni nyingine.

Damu ya Coombs itolewe KABLA ya sindano ya anti-D. Ukichomwa kwanza ndio upime, kipimo kinaweza kuona zile kingamwili za kwenye sindano, kinatoka chanya hafifu, na utalia bure wiki nzima.

4. Sindano ya wiki ya 28. Penye uwezo mama anachomwa anti-D wiki ya 28 akiwa bado na mimba, kipimo cha kawaida ni mikrogramu 300 (kwenye boksi nyingine imeandikwa yuniti 1500, ni kilekile), kwenye msuli. Sehemu nyingine wanagawa mara mbili, wiki ya 28 na ya 34. Wengi huku hawaipati hii, wanapata ya baada ya kujifungua tu. Ukiweza ipate, inaziba lile pengo dogo la damu kuvuja miezi ya mwishoni. Ukiwa na hela ya sindano moja tu usiitumie bila kuongea na daktari wako, maana ile ya baada ya kujifungua ndio isiyokosekana.

5. Tafuta sindano ilipo, mapema, ukiwa wiki ya 30 hivi. Kutafuta maana yake unajua ipo duka gani, kwenye friji gani, inaisha muda lini, na nani atafungua hilo duka Jumapili. Ukienda kuuliza usiulize "mna anti-D?" tu. Hili linanichekesha na kunisikitisha kwa pamoja, maana sisi maabara tuna chupa ndogo imeandikwa anti-D, ni dawa ya kupimia grupu, haichomwi mtu, na kuna ndugu wa mgonjwa anauliza dirishani anajibiwa "ipo" anarudi nyumbani kalala usingizi mzuri. Sema "sindano ya anti-D ya kumchoma mama", na uliza famasi.

Kama inatoka Dar ipe muda wa kutosha. Mwezi wa 5 mwaka 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar kuja Lindi maeneo ya Somanga, magari yakalala njiani, na kama dawa yako ilikuwa kwenye basi mojawapo imekula kwako. Masika sio wakati wa kuagiza kitu cha saa 72.

6. Ilinde na joto, na pia ilinde na barafu. Inakaa nyuzi 2 mpaka 8, yani kwenye friji ya kawaida, sio friza. Ikiganda imeharibika hata kama ukiitazama iko vilevile. Kwa hiyo usimpe kondakta aiweke kwenye mfuko wa rambo juu ya dashibodi, na usiitumbukize kwenye barafu ya soko la samaki ukaona umeitunza. Chombo cha kubebea chanjo, au kontena la plastiki lenye vipande vya barafu vilivyofungwa kwenye kitambaa, sindano imezungushiwa gazeti isigusane na barafu. Kizuri kuliko vyote, iache kwenye friji ya famasi ya hospitali utakayojifungulia, jina lako juu, risiti ubaki nayo wewe.

7. Chagua pa kujifungulia na usogee mapema. Negativu sio mama wa kujifungulia nyumbani kwa bibi, hata kama bibi ni fundi. Panatakiwa maabara ya kupima damu ya mtoto hapohapo. Piga hesabu ya njia yako ya kweli: Liwale kutoka Nangurukuru ni vumbi kiangazi na tope masika, Songosongo ni boti na upepo, Msangamkuu mpaka pantoni. Kama una ndugu Mtwara, Lindi au Masasi mjini nenda kwake wiki ya 37 hivi, au uliza kama hospitali ina nyumba ya kusubiria wajawazito.

8. Siku ya leba, sema. Sema kwa mdomo usitegemee kadi: "Mimi ni negativu, naomba damu ya kitovu ipimwe." Mkunga akishakata kitovu achukue damu ya upande wa kondo. Tunapima grupu la mtoto na Rh yake, Coombs ya mtoto (hii ni ya moja kwa moja, inaangalia kama kingamwili za mama zimeshika chembe zake), wingi wa damu na bilirubini, ile inayoleta manjano. Mpe kazi hiyo mtu aliyekusindikiza, dada au shangazi, asiye na aibu ya kuuliza mara tatu, maana wewe muda huo utakuwa na yako.

Mtoto akitoka negativu, hakuna sindano, hongera, sindano iliyolala kwenye friji mwuzie mwenzio kupitia famasi. Akitoka pozitivu, hatua ya 9.

9. Mama achomwe ndani ya saa 72. Anachomwa MAMA, sio mtoto, narudia kwa sababu kuna baba aliwahi kugombana na nesi kwamba mwanawe hajachomwa. Mapema ni bora, usiweke mpaka siku ya tatu kwa sababu "bado muda upo". Hata kama ulichomwa wiki ya 28 unachomwa tena. Kama ulifanyiwa operesheni, au kondo lilitolewa kwa mkono, au ni mapacha, muulize daktari kama dozi moja inatosha, kwa sababu mikrogramu 300 inatosha kwa kama mililita 30 za damu ya mtoto na hapo inaweza kuwa imeingia zaidi. Kunyonyesha endelea kama kawaida. Paja au bega litauma kidogo. Kaa hapohapo kama dakika 20 waangalie mzio, ni nadra lakini kaa.

Mtoto akizaliwa mfu, au maabara imeshindwa kumpima, mama anachomwa vilevile. Najua msibani hakuna mtu anakumbuka sindano, ndio maana shangazi wa hatua ya 8 lazima alijue hili.

10. Hifadhi ushahidi. Tarehe ya sindano, dozi, namba ya bechi, viandikwe kwenye kadi, upige picha kwa simu. Mimba ijayo utaulizwa na hutakumbuka.

MAKOSA NINAYOYAONA SANA

Kubwa kuliko yote ni mimba iliyotoka. Mama anasema huyu ndiye mtoto wangu wa kwanza, kumbe kulikuwa na mimba iliyotoka miezi mitatu ikasafishwa mahali, au iliyotunga nje akafanyiwa operesheni, na hakuna sindano iliyochomwa, kwa hiyo mwili wake unaweza kuwa umeshakariri tayari na huyu "wa kwanza" ndiye anayepigwa. Mimba ikitoka, ikisafishwa, ikiwa ya nje ya kizazi, ukitokwa damu ukiwa na mimba, ukidondoka na bodaboda au ukapigwa tumboni, nenda hospitali ukaseme wewe ni negativu. Saa 72 zinaanza kuhesabika pale, sio siku utakayojisikia vizuri. Usijiamulie mwenyewe kwamba ilikuwa changa haina madhara, mwache daktari aamue.

La pili, kuongezewa damu. Mwanamke negativu anayetarajia kuzaa hatakiwi kuwekewa damu pozitivu labda iwe ni kufa na kupona. Damu negativu haipatikani kirahisi hata kwenye kituo cha Damu Salama cha kanda pale Mtwara, ndio maana nilisema uwe na ndugu zako tayari. Wapime kabla, wachangie kabla ikiwezekana.

Alafu kuna dawa za kienyeji za mchango, ugonjwa unaodhaniwa kuharibu uzazi. Mtoto wa pili kafa, wa tatu kafa, watu wanasema mama ana mchango, au karogwa, anazungushwa kwa waganga Newala mpaka Tandahimba, na hakuna aliyemwambia apime Rh. Sina ugomvi na bibi wa mtu, ila kipimo cha grupu ni tone la damu kidoleni, kifanyike kwanza.

Na kosa dogo lakini lipo, kununua sindano kwa mtu wa pembeni kwa sababu ni nafuu. Dawa hii inatengenezwa kutoka kwenye plazma ya watu wanaojitolea damu, ndio sababu ni ghali na haijazagaa. Yule mzee wa Australia James Harrison aliyefariki mwaka 2025 alitoa plazma zaidi ya mara 1,100 kwa ajili ya sindano hii hii. Ukiikuta ya bei ya karanga, jiulize imelala wapi.

UKIKWAMA

Saa 72 zimepita na sijachomwa. Nenda hata hivyo, leo, usingoje kesho. Nguvu inapungua lakini mpaka siku ya 10 bado kuna faida, na baadhi ya madaktari wanachoma mpaka siku ya 28. Kukaa nyumbani ukijilaumu hakusaidii kitu.

Hospitali wanasema haipo. Usiondoke na neno "haipo". Omba waandike kwenye karatasi dozi unayotakiwa, na omba nesi apige simu hospitali nyingine mwenyewe, wao kwa wao wanajibiana haraka kuliko wewe ukipiga. Wakati huohuo ndugu mmoja azunguke famasi za mjini. Ikipatikana mji mwingine amua haraka kipi kinafika kwanza, sindano kuja kwako au wewe kuifuata. Kama wewe na mtoto mko salama, kuifuata mara nyingi ni bora, maana haipati joto njiani.

Coombs yangu imetoka chanya. Kama kingamwili yenyewe ni ya Rh uliyoitengeneza wewe, sindano ya anti-D haikusaidii tena, usikubali kuuziwa. Sasa unahitaji daktari bingwa wa akina mama, na maabara waseme kingamwili ni ya aina gani na iko kiwango gani, kinaandikwa kama 1:4, 1:8, na kuendelea. Kinarudiwa kama kila mwezi, baadaye mara kwa mara zaidi. Kikifika 1:16 au 1:32, kutegemea hospitali, mtoto anatakiwa kuangaliwa kwa ultrasaundi maalum inayopima kasi ya damu kwenye mshipa wa kichwani mwake, ndiyo inayoonyesha kama ameanza kuishiwa damu. Hapo rufaa mara nyingi ni Dar, Muhimbili, na ni vizuri uende ukiwa bado unatembea. Kuna nchi wanamwongezea mtoto damu akiwa tumboni, ni kazi ya mabingwa wachache. Inayowezekana zaidi ni kuzalishwa mapema kidogo mahali penye wodi ya vichanga, penye taa za bluu za kutibu manjano na watu wanaoweza kubadilisha damu ya mtoto. Wapo wanaofika salama kabisa kwa njia hii, ila kwa kufuatiliwa.

Mtoto ana rangi ya njano. Njano ndani ya saa 24 za kwanza ni dharura, haijalishi anachangamka. Kwa ngozi zetu usitazame mashavu, bonyeza paji la uso au ufizi kwa kidole uachie, utaona rangi ya chini yake, na tazama macho mchana kwenye mwanga. Viganja na nyayo zikiwa njano, au mtoto analala hataki kunyonya, analia kwa sauti nyembamba kali, anajipinda mgongo, unakimbia. Ile ya kumwanika jua la asubuhi mlangoni haitibu hii, inakula muda tu, na manjano yakipanda kichwani yanaharibu ubongo na kusikia moja kwa moja.

Nimetoka mimba tatu changa mfululizo na mimi ni negativu, ni hii? Kwa kawaida hapana. Rh inasumbua zaidi mimba kubwa na mtoto aliyekaribia kuzaliwa. Endelea kuchunguzwa sababu nyingine, ila hizo mimba zihesabike kwenye orodha yako kama nilivyosema.

Mimi ni O pozitivu, mume ni A au B, mtoto wa kwanza kapata manjano. Hiyo ni kutopatana kwa grupu lenyewe, sio Rh, na anti-D haihusiki. Inaweza kumpata hata mtoto wa kwanza, mara nyingi ni nyepesi, taa za bluu zinatosha, ila ile dharura ya saa 24 inamhusu vilevile.

Mtoto aliwekwa taa, karuhusiwa, sasa tumemaliza? Bado. Aliyekuwa na kingamwili za mama anaweza kuendelea kuvunja damu taratibu wiki kadhaa akiwa nyumbani, njano imeisha lakini damu inashuka. Mrudishe apimwe wingi wa damu wiki ya 2 na ya 4, na tena wiki ya 6 kama daktari atasema. Akiwa mweupe midomoni, anatoka jasho au anahema akinyonya, usisubiri tarehe ya kadi.